Sala Kabla ya Kuonja Mapera

Namshukuru Mungu, aliyeotesha miti ya matunda siku ya tatu na kumleta mtu siku ya sita, ili mlaji afike akute meza imekwisha kuandaliwa. Yeye ndiye aliyenipa miguu ya kutoka nyumbani Maringo hadi kazini Viwandani na kurudi, miaka yote ya kazi yangu, na ndiye anayenipa pumzi ya kuandika haya sasa baada ya kurudisha funguo za maabara.

Ninyi mnaobaki pale mmeniomba niandike niliyoyaona. Kuhusu vyeo na mishahara, faili langu liko ofisini, na anayetaka akalisome. Halitamchukua muda mrefu. Mimi nitaandika juu ya mapera, na juu ya mtu aliyenifundisha kuyanusa.

Niliingia maabara ya matunda mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa mama wa watoto wanne, nimetoka jikoni mwa bweni la shule ya wasichana. Walitaka mtu wa kuosha vyombo na kuchemsha matunda bila kuyaunguza. Jengo letu lilikuwa kati ya kiwanda cha sabuni na gereji ya malori. Ukifungua dirisha la kushoto unapata sabuni, la kulia unapata oili chafu, kwa hiyo fundi mkuu wa maabara alikuwa ameyapigilia misumari yote mawili. Fundi huyo alikuwa Bwana Nahashoni, mtu wa Murang'a aliyeishi mtaa wa Bahati. Sote tulimwita Mwalimu.

Siku ya kwanza aliniwekea mapera mawili mezani akaniuliza lipi limeiva. Nikayaminya.

"Usiminye," akasema. "Mtu ukitaka kujua umri wake unamminya?"

Akanionyesha kunusa kwenye kitako cha tunda, pale ua lilipokuwa, huku macho yamefumbwa. Kisha akachukua moja akalipitisha chini ya pua yake, akachukua la pili.

"Hili ni la kwenu Kangundo. Hili lingine ni la kwetu."

"Umejuaje, Mwalimu?"

"La kwenu lina kiu."

Nilicheka, lakini nilikuja kujua kwamba hakuwa anatania. Mapera ya nchi kame huwa na harufu kali zaidi na sukari nyingi zaidi kuliko yale ya nchi ya mvua. Mwalimu alisema jambo kwa pua kwanza, kisha kipimasukari kikathibitisha. Kipimasukari hicho, ambacho naamini bado kiko kwenye kabati la pili, ni kama darubini fupi: unadondosha tone la maji ya tunda kwenye kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga, na kivuli kinasimama kwenye namba. Kitumieni kwa adabu. Kimewazidi umri wengi wenu.

Alinifundisha pia kupima kama tunda litaganda likipikwa: kijiko cha maji ya tunda, vijiko vya spiriti, tikisa polepole, ngoja. Likitokea donge moja kama yai bichi, litaganda vizuri. Vikitokea vijidonge vilivyotawanyika, ongeza ndimu au upike sharubati. Alinifundisha kudondosha jamu kwenye sahani baridi na kuisukuma kwa kidole hadi ikunje uso. Na alinionya nisitumie sufuria ya shaba hata ikiwa inang'aa namna gani, kwa sababu shaba inaua vitamini ambazo pera limebarikiwa nazo kuliko chungwa.

Wakati ule pera lilikuwa tunda la bure. Lilijiotea lenyewe kwenye ua, kando ya mifereji ya maji machafu, nyuma ya nyumba za Kaloleni. Siku za Ijumaa mabasi ya Ukambani yalishusha vikapu katika soko la Gikomba, na kufikia Jumatatu nusu ya mapera ilikuwa chini, inakanyagwa. Siwezi kuwaeleza vijana jinsi mitaa yetu ilivyonukia msimu wa mapera. Leo nikipita Kaloleni naona vyumba vya mabati pale miti ilipokuwa, na siwalaumu waliovijenga, watu wanahitaji pa kulala. Hata hivyo hupunguza mwendo nikifika pale, kana kwamba harufu ile imechelewa tu njiani.

Mwalimu hakuvumilia kuona tunda linakanyagwa. Alitaka kupata njia ambayo mama wa kijijini angehifadhi mapera bila jokofu na bila chupa, kwa maana chupa zilikuwa ghali na nadra. Aliipa njia zake namba. Ya kwanza ilikuwa jamu ya kawaida. Ya pili ilikuwa jamu iliyochujwa ikawa nyangavu kama kioo. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyokuwa moyoni mwake, ilikuwa halua: nyama ya mapera iliyopikwa hadi ikauke, ikafukizwa moshi wa salfa, ule unga wa kiberiti, ili isiote ukungu, ikakatwa vipande na kufungwa kwa karatasi. Miaka sita aliifanyia kazi njia ya tatu. Miaka sita alisimama juu ya trei zile, madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari.

Mwalimu alipokaribia kustaafu, mkuu wetu akamwambia wazi: leta matokeo ya waonjaji, nipeleke ripoti kwa kamati kabla hujaondoka. Kule Kangundo kikundi cha akina mama wa kanisa walikuwa wamesikia habari hizo kutoka kwangu, na walikwisha kujenga meko na kukusanya kuni. Walingoja neno moja tu: wapike kwa njia gani.

Kazi ya kutafuta waonjaji nilipewa mimi. Nikachagua watu wa kawaida wa mitaani, kama Mwalimu alivyotaka: jirani yangu Mama Wambui, aliyeuza mitumba Gikomba, Bwana Mutua, dereva wa lori, vibarua wa viwandani kutoka Mukuru kwa Reuben, wauza mboga wawili wa Majengo. Mkuu wa kanisa letu Maringo akatupa ukumbi Jumamosi alasiri. Kila mmoja alipata vipande vitatu vya mkate na karatasi yenye miduara mitano kwa kila njia. Mduara wa kwanza ni mbaya sana, wa tano ni nzuri sana.

Sasa mimi nimelelewa katika imani, na nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Chakula kilipokuwa mezani mbele ya watu, katika ukumbi wa kanisa, sikuona jambo lingine la kufanya isipokuwa kusimama na kuomba. Nikashukuru kwa mapera. Nikashukuru kwa mikono iliyopika. Nikamtaja Mwalimu kwa jina, na miaka yake sita. Wote wakasema amina kwa sauti kubwa, wakaanza kuonja.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Njia zote tatu zilipata miduara ya nne na ya tano tupu, na ya tatu ndiyo iliyoongoza. Mwalimu alizisoma karatasi zile akiwa amesimama, akazipanga, akazisoma tena. Sikuwahi kumwona mtu mzima akificha furaha kwa shida namna ile. Akaandika ripoti jioni ile ile, akaipeleka kwa mpiga chapa.

Jumapili jioni nilikuwa kwenye mfereji wa maji, nangoja ndoo yangu ijae, Mama Wambui akaja na mitungi yake.

"Mama Mwende, ile kazi yenu ya kuonja iko tena?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Uniambie mapema, nikunywe chai ya tangawizi kwanza. Ile ya tatu, wacha tu."

"Ya tatu iko na nini? Si uliipa alama ya juu kabisa?"

"Na ningefanya aje? Wewe umesimama hapo umefunga macho, umemshukuru Mungu, umetaja mzee wa watu na miaka yake yote. Mimi nifungue macho niandike chakula ni kibaya? Kwani nimelelewa wapi?"

"Na wale wengine?"

"Wote! Mutua alimeza na maji kama dawa. Mimi nilifika nyumbani, baba Wambui akaniuliza kama nimeanza kutafuna njiti za kiberiti." Akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akaniangalia. "Haiya, mbona hucheki? Nimesema kitu?"

Ndoo yangu ilikuwa imejaa na inamwagika. Usiku ule sikuwa na amani. Ripoti ingechapwa, wanawake wa Kangundo wangepika kwa njia ya tatu, wangechoma kuni zao zote na kubeba vipande hadi sokoni, na mnunuzi angeonja mara moja tu. Hakuna ambaye angewasifia kwa adabu tu. Kwa upande mwingine, Mwalimu alikuwa amebakiza wiki tatu. Kumwambia kulikuwa ni kumpeleka nyumbani mikono mitupu, na aliyemwaga kilichokuwa mikononi mwake ni mimi, kwa sala yangu.

Jumatatu nilifika maabara kabla yake. Niliomba pale pale kando ya sinki, sala fupi, maana jibu nililijua na nilichotaka kilikuwa ni ulimi usiogeuka. Akaingia, akatundika kofia.

"Mwalimu, alama za Jumamosi si za kweli."

"Umejumlisha vibaya?"

"Nimejumlisha vizuri. Niliziharibu kabla hazijaandikwa."

Nikamweleza yote, sala, amina, na adabu ya watu. Kwanza alicheka, cheko la kutoka tumboni. "Kumbe tulikuwa tunapima imani," akasema. Kisha nikamwambia habari ya kiberiti, na cheko likaisha.

Akafungua kabati, akatoa trei ya njia ya tatu. Akakata kipande. Akakinusa kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, kama alivyonifundisha mimi. Akanipa.

"Wewe unasikia harufu?"

"Nasikia, Mwalimu."

"Sana?"

Nilitamani sana kusema kidogo. "Sana," nikasema.

Akaketi kwenye kigoda. "Mimi nasikia joto la chumba tu," akasema. "Tangu mvua za mwaka jana. Nilifikiri ni mafua yamekataa kuisha." Akayatazama madirisha, kushoto na kulia, na sikuhitaji kuelezwa alichokuwa anafikiri. Moshi wa salfa haukuwa na mahali pengine pa kwenda ila puani mwake.

Kisha akaniuliza, "Na wewe? Hukunusa miezi yote hii?"

"Nilinusa. Nikasema moyoni, kama Mwalimu hajasema kitu, basi ndivyo inavyotakiwa kuwa."

"Hiyo ndiyo dhambi ya maabara, Mama Mwende," akasema. "Ile sala, hapana."

Akavaa kofia yake tena, akaenda mwenyewe kwa mpiga chapa. Alirudi na ripoti imekunjwa ndani ya mfuko wa koti. Kazi ya kwanza aliyoifanya ni kuchukua nyundo na kung'oa misumari ya madirisha. Tangu siku hiyo tulifanya kazi ndani ya harufu ya sabuni na oili, na mnaolalamika juu ya jambo hilo hadi leo sasa mnajua lilikotoka.

Jumamosi iliyofuata tukawaita waonjaji wale wale. Nilimuuliza sala tuiweke wapi.

"Mwisho, karatasi zikishakusanywa. Mungu amesubiri mambo makubwa kuliko haya."

Akasimama mbele yao mwenyewe. Hakuwaambia chochote juu ya pua yake. Aliwaambia kuna wanawake mahali fulani wanaongoja kuwasha moto, na kwamba neno zuri juu ya kitu kibaya lingeteketeza kuni zao bure.

"Kwa hivyo leo mnataka ukweli?" akauliza Mama Wambui.

"Ukweli mtupu, mama."

"Basi ngoja nikae vizuri."

Bwana Mutua aliomba karatasi ya pili, akaijaza pande zote. Walipomaliza, Mwalimu akaongeza jambo ambalo halikuwa kwenye mpango: kila mtu achague kitu kimoja mezani akipeleke nyumbani kwake. Nikaelewa. Mtu anaweza kukuheshimu mezani pako, lakini anapochagua cha kuwapa watoto wake hamheshimu mtu. Jamu ya kawaida, ile ambayo Mwalimu aliipika shingo upande kwa sababu kila mtu anaijua, iliisha kabla mwenye kuchelewa hajanyanyuka. Ile nyangavu ikafuata. Vipande vya njia ya tatu vilibaki kwenye trei jinsi nilivyovipanga. Hapo ndipo nilipoomba.

Mwalimu aliandika ripoti upya kwa mkono wake. Niliisoma ikiwa kwenye meza yake: njia ya tatu haifai kupewa wananchi, ina harufu ya kiberiti, ambayo mpishi hakuweza kuitambua. Chini yake, mahali pa jina la mpishi, akaweka lake. Wanawake wa Kangundo wakapika jamu, kwa chupa za kuokota tulizowatafutia Gikomba, na meko yao hayakukaa bure. Wiki ya mwisho Mwalimu alinikabidhi daftari la njia ya tatu.

"Ondoa salfa," akasema. "Sijui utaweka nini badala yake. Na usimwamini mtu anayeipenda kazi hii kuliko wewe, hata akiwa mwalimu wako."

Ilinichukua miaka ya themanini karibu yote, na sitawachosha na kila kosa. Nilijaribu ndimu badala ya salfa, na kukausha kwa jua. Juu ya paa la maabara halua ilipata masizi ya viwanda, ikawa kama lami. Nikaihamishia uani mwa kanisa Maringo, chini ya kitambaa chepesi, na Mama Wambui akajipa kazi ya kufukuza nzi, na kunieleza bila kuulizwa kila kilichokuwa kibaya. Nilipoipika nene iliota ukungu, nilipoikausha sana ilivunja jino la shemasi. Mbegu na maganda yalichukuliwa kwa magunia na mfugaji mmoja wa Kiamaiko, aliyesema mbuzi wake wanayapenda mno. Nilimwamini. Mbuzi hakuwahi kuombewa chakula chake.

Hatimaye, alasiri moja ukumbini, karatasi zilikusanywa, watu wakaambiwa wachague cha kupeleka nyumbani, na trei ya njia ya tatu ndiyo iliyoisha kwanza. Nilikuwa nimeficha kipande kimoja mfukoni. Siku iliyofuata niliomba ruhusa nikapanda basi la Murang'a.

Nilimkuta Mwalimu shambani kwake, amezeeka, anapogoa miti ya parachichi. Tukaketi kwenye ngazi ya ghala. Nikafungua karatasi. Hakukinusa, alikigusa kwanza kwa kidole gumba, akakikunja, akakitazama kwenye mwanga, kisha akatafuna polepole sana.

"Imekauka sawasawa," akasema. "Haishiki meno. Sukari umeipunguza."

"Nimeipunguza."

"Haya. Niambie inavyonuka."

Nikafumba macho nikanusa vidole vyangu. Nikamwambia inanuka kama asubuhi nyumbani kwetu, umande ukiwa bado uko kwenye ua na mtu amekanyaga tunda moja njiani bila kujua.

Akakigeuza kipande kilichobaki mkononi. Kisha akasema, "Hapo umeongeza. Mtu wa maabara haandiki nyumbani kwetu. Andika: harufu ya tunda, kiberiti hakuna."

"Kiberiti hakuna, Mwalimu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaitikia kwa kichwa, akatafuna kipande kilichobaki hadi kikaisha, akakunja karatasi mara nne na kuiweka kwenye mfuko wa shati. Mwaka uliofuata Mungu alimwita. Kila msimu wa mapera namkumbuka, na namkumbuka zaidi siku ambazo kitu kimenukia vizuri na sina wa kumweleza.

Wewe unayesoma haya, Bwana akubariki katika kazi ya mikono yako. Akupe mtu wa kukwambia kitu chako kinanuka ungali na muda wa kukirekebisha, na siku ikiwa zamu yako kumwambia mwingine, akupe ulimi usiogeuka. Amina.